Kumuua Nyuki Hakuokoi Nyumba

Mvua zikishapita na miti ikachanua, makundi ya nyuki huanza kutafuta makazi mapya, na nyumba zetu huwafaa sana. Chini ya bati kuna uwazi mkavu wenye giza, fisha bodi imeacha pengo kwenye kona, tofali za matundu hazina wavu. Kabla mwenye nyumba hajajua la kufanya, ushauri umeshamfikia kutoka kila upande. Jirani ana chupa ya dawa, kijana wa bodaboda anamjua mtu wa petroli, shangazi anataja jina la mganga. Wengi wao wana nia njema kabisa. Hata hivyo ushauri wa namna hii umeangusha dari, umeunguza nyumba na umegharimu maisha ya watu, na sioni sababu ya kuuacha uendelee kupita bila kujibiwa.

Msimamo wangu ni huu: nyuki walioingia ndani ya nyumba ni kazi tatu. Ya kwanza ni kuwaondoa nyuki wenyewe. Ya pili ni kuondoa masega yote waliyojenga. Ya tatu ni kuziba pengo walilopitia. Karibu madai yote ya mtaani hugusa kazi ya kwanza tu, tena kwa njia inayoifanya ya pili kuwa mbaya zaidi. Nayachukua moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: “Hawa si nyuki wa kawaida, wametumwa”

Dai hili huja upesi nyuki wanapoingia kwenye nyumba yenye ugomvi wa mirathi, au kwenye duka la mtu aliyeanza kufanikiwa. Tutazame basi jinsi nyuki wanavyochagua nyumba. Koloni likijaa, malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya nyuki vibarua, akiwaachia mabinti makazi ya zamani. Kundi hilo hujishika pamoja mahali, kwa kawaida kwenye tawi, na nyuki mia kadhaa wenye uzoefu hutawanyika kukagua matundu. Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ukaguzi huo. Alikuta wanapima ukubwa wa uwazi, upana wa mlango na urefu wake kutoka ardhini, kisha wanarudi kuwaarifu wenzao kwa kucheza juu ya kundi mpaka wote wakubaliane. Nyuki wa Kizungu aliowachunguza walipenda uwazi wa lita 40 hivi. Wa kwetu hawachagui sana: huingia kwenye shina lenye tundu, kichuguu kilichohamwa, boksi la mita ya maji, hata tairi lililotupwa. Dari ya nyumba ya vyumba vitatu kwao ni jumba la kifalme. Katika vigezo vyote hivyo, jina la mwenye nyumba halimo.

Watu husema, “Mbona nyumba ileile kila mwaka?” Jibu ni kwamba mahali palipokaa nyuki hubaki na harufu ya nta na ya masega, na harufu hiyo huliita kundi jingine. Asiyejua hilo hungoja tiba ya mganga huku koloni likikua, au mbaya zaidi, humtazama kwa jicho la shaka bibi kizee wa nyumba ya pili. Tunajua tuhuma za namna hiyo zinakoishia katika nchi hizi. Nyuki wasitumike kuziwasha.

Wapo pia wanaosema kinyume, kwamba nyuki ni baraka na kuwaondoa ni kuifukuza baraka. Naiheshimu imani hiyo. Kurani ina sura nzima yenye jina la nyuki. Lakini nyuki huyo ni baraka vilevile akiwa ndani ya mzinga shambani, ambako hatamuua mtoto wa mtu.

Dai la pili: “Waache, watahama wenyewe”

Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Kundi lililoning'inia kwenye mwembe au kwenye nguzo ya baraza, nyuki juu ya nyuki, bila sega hata moja, liko safarini. Hilo liache. Waondoe watoto, wafungue mbuzi na mbwa, zima mashine zenye kelele, na usilitupie jiwe. Kwa kawaida baada ya saa chache, au siku moja mbili, litakuwa limeondoka.

Mambo ni tofauti ukiwaona wanaingia na kutoka kwenye tundu moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Simama mbali, utazame miguu ya nyuma ya wanaorudi. Ukiona vidonge vya manjano au vya rangi ya chungwa vimeshikilia hapo, hiyo ni chavua, chakula cha majana, na nyuki anayebeba chavua ana watoto wa kulisha. Hao wameshahamia. Malkia akiwa katika nguvu zake anaweza kutaga mayai 1,500 kwa siku, na yai la kibarua huwa nyuki kamili baada ya siku 21 hivi. Wiki ya kwanza koloni lina kidogo cha kulinda, hivyo ni pole. Kadiri asali na majana vinavyoongezeka ndivyo walinzi wanavyoongezeka mlangoni na ndivyo ukali unavyopanda.

Ni kweli kwamba nyuki wa Afrika huhama kwa urahisi kuliko wa Ulaya, iwe kwa njaa, ukame, siafu au usumbufu. Lakini wakihama huacha masega, na masega huita wengine. Kungoja siku mbili ni busara. Kungoja miezi miwili ni kuongeza gharama na hatari.

Dai la tatu: “Nyuki ndio wanaotoboa kuta na mbao”

Wanaosema hivi huwachanganya wadudu watatu, na kila mmoja ana dawa yake.

Nyuki wa asali hatoboi chochote. Taya zake ni za kufinyanga nta. Tofali haliwezi, mbao haiwezi. Pengo analopitia aliliacha fundi. Uharibifu wake unatokana na uzito wa masega, asali inayovuja na unyevu, na hayo nitayaeleza mbele.

Wapo pia nyuki wadogo wasiouma, ambao walio wadogo zaidi miongoni mwao huweza kudhaniwa mbu. Hukaa kwenye nyufa za kuta za udongo na kwenye fremu za milango, na utawatambua kwa kimrija chembamba cha nta na utomvu kinachochomoza mlangoni mwao. Nao hawachimbi, hutumia ufa uliokuwepo. Hawana mwiba wa kumdhuru mtu, na asali yao, ingawa ni kidogo, inathaminiwa sana kama dawa. Ukitaka kukandika ukuta upya, mtafute mfugaji awahamishie kwenye kizinga chao. Hakuna sababu ya kuwaua.

Anayetoboa kweli ni yule nyuki mkubwa mweusi, anayetoshana na ncha ya kidole gumba, anayenguruma chini ya paa wakati wa jua. Wanasayansi humwita Xylocopa. Simama chini ya kenchi ya mbao laini isiyopakwa rangi, utazame sakafuni: kuna kirundo kidogo cha unga wa mbao, wa rangi ya mbao mpya. Inua macho juu yake. Utaona tundu la duara kamili, upana wa sentimita moja hivi, kingo laini, utadhani limepigwa drili. Njia huingia kidogo tu, kisha hukunja kona na kufuata urefu wa mbao. Jike ndiye mchimbaji, na mbao haili, huitema nje. Ndani huweka donge la chavua na nekta, hutaga yai moja, hujenga kiambaza cha unga uleule wa mbao, kisha huanza chumba kingine. Dume lipo nje, linamfukuza kila apitaye, na kelele zake ndizo zinazowatisha watu. Dume hilo halina mwiba. Jike anao, ila huutumia akikamatwa au akibanwa.

Tundu moja haliangushi paa. Hatari huja kwa miaka, pale vizazi vinapolirudia shimo lilelile na kulirefusha, na maji ya mvua yanapopata mlango. Ngoja wachanga watoke, kisha gongomea kijiti cha mbao chenye gundi ndani ya tundu, kisawazishe, na upake mbao yote rangi ya mafuta. Mbao iliyopakwa rangi vizuri hawaipendi. Iliyokwishadhoofika ibadilishwe. Hata hivyo, mwachie nyuki huyu gogo kavu pembeni mwa shamba, maana mkulima wa pasheni anamhitaji. Ua la pasheni ni kubwa, na mwili mpana wa nyuki huyu ndio unaogusa chavua na kuipeleka panapotakiwa. Nyuki wa asali mara nyingi hunywa na kuondoka bila kuifikisha huko.

Dai la nne: “Puliza dawa, kazi kwisha”

Hili ndilo dai lililoenea kuliko yote, na ndilo linaloharibu nyumba nyingi.

Mpulizaji huja jioni, huelekeza kopo kwenye tundu, na asubuhi sakafu ya baraza imejaa nyuki waliokufa. Mwenye nyumba analipa, anashukuru. Kilichobaki juu ya dari hakionekani, kwa hiyo hakuna anayekiuliza. Kibarua hukaa takriban siku 12 ndani ya chumba kilichofunikwa kwa nta kabla ya kutoka, na dawa ya kupulizia haifiki vizuri humo. Kwa karibu wiki mbili, nyuki wachanga wanaendelea kuzaliwa juu ya maiti za dada zao.

Hayo ni madogo. Kubwa ni joto. Nyuki walio hai hulitunza eneo la majana kwenye nyuzi joto 34 hadi 35, mchana na usiku. Bati likiwaka jua, huleta maji, huyasambaza juu ya masega na kupepea kwa mabawa mpaka hewa ipoe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 63 hivi, lakini hulegea mapema zaidi, na chini ya bati la saa saba mchana joto la kulegeza nta hupatikana bila shida. Nyuki wakifa, hakuna anayepepea. Sega lililojaa asali hulegea, hukatika, huanguka juu ya silingi bodi. Asali iliyomwagika hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kuchacha.

Chumbani mambo hujitokeza polepole. Kwanza ni alama ya rangi ya chai kwenye jipsamu, ndogo, ambayo mwenye nyumba hudhani bati linavuja. Kisha alama hupanuka na kuwa na kingo nyeusi. Ukiigusa, kidole kinanata; ukiibonyeza, bodi inabonyea. Harufu ni ya pombe iliyochanganyika na mzoga, kwa sababu maelfu ya nyuki na majana yanaoza papo hapo. Kisha huja wageni: sisimizi, mende, mbawakawa, nondo wa nta ambaye viwavi wake hutafuna masega na kuacha utando kila mahali, na panya. Mwisho bodi hushindwa kubeba uzito na kushuka yote, pengine juu ya kitanda. Masega ya koloni kubwa pamoja na asali yake ni kilo nyingi, na jipsamu haikutengenezwa kubeba hata sehemu yake.

Kuna na hasara ya jirani. Nyuki wengine wa eneo hilo wakisikia harufu ya asali isiyo na mlinzi, huja kuiba, nao huibeba sumu hiyo mpaka kwenye mizinga ya mtu aliyewekeza fedha zake. Na asali hiyo mtu asiionje kamwe. Asali iliyopuliziwa dawa haisafishiki kwa kuchujwa wala kwa kuchemshwa.

Je, hakuna wakati wa kuua? Upo. Koloni lililoshaanza kushambulia watu kwenye shule au zahanati, na hakuna njia ya kulihamisha kwa wakati, maisha ya watu yatangulie. Hata hapo kazi ya pili na ya tatu zinabaki palepale: masega yatoke, pengo lizibwe.

Dai la tano: “Moto ndio dawa yao”

Wanaolitetea husema wazee walirina kwa moto. Walirina, ndiyo, kwa vienge vya magome na majani, juu ya mti, katikati ya msitu. Na hata huko moto huo umeteketeza misitu mingi. Dari ya nyumba ni mbao kavu, vumbi, utando wa buibui na nyaya za umeme. Petroli ikimwagwa humo, mvuke wake husambaa pembe zote kabla kiberiti hakijawashwa. Anayewasha yuko juu ya ngazi, gizani, na nyuki wanamjia usoni. Sijui ni jambo gani zaidi linahitajika ili kumshawishi mtu aache. Tairi linalochomwa chini ya dirisha nalo hujaza sumu vyumbani ambamo watoto watalala usiku huohuo.

Moshi una kazi yake, na wafugaji huutumia kila siku. Nyuki akisikia moshi hukimbilia asali na kujaza tumbo. Moshi vilevile hufunika harufu ya hatari ambayo walinzi huitoa kuwaita wenzao. Matokeo ni utulivu wa muda. Unaotakiwa ni moshi kidogo, wa baridi, wa majani makavu au magunzi, kutoka kwenye bomba la moshi la wafugaji. Moshi wa moto mkali huwaunguza mabawa na kuwatia hasira. Na moshi wa aina yoyote, peke yake, hauliondoi koloni lenye majana.

Dai la sita: “Ziba tundu, watakufa humohumo”

Wakifa humohumo, umerudi kwenye dai la nne: joto, asali, uvundo. Lakini mara nyingi hawafi kwa utulivu. Nyuki aliyefungiwa hutafuta mwanga, na mwanga unatoka chumbani: kwenye tundu la taa, kwenye ufa kati ya dari na ukuta, kwenye kona ambayo fundi hakuweka ukanda. Mwenye nyumba aliyeziba tundu la nje saa kumi jioni hujikuta usiku na mamia ya nyuki kuzunguka balbu ya chumba cha kulala. Walio nje nao, waliorudi kutoka machungani, wamejaa ukutani wakitafuta mlango.

Kuziba ni kazi ya mwisho. Ukuta ambao hauwezi kubomolewa una njia yake: fundi wa nyuki hufunga kwenye mlango wao koni ya wavu wa waya, pana upande wa ukutani na nyembamba upande wa nje, nyuki watoke wasijue kurudi, na mzinga mtupu uliopakwa nta huwekwa karibu uwapokee. Njia hiyo hudai wiki kadhaa za subira, malkia mara nyingi hubaki ndani, na masega hubaki pia. Itumike pale tu ambapo kufungua kumeshindikana.

Dai la saba: “Nimeona kwenye simu mtu anawachota kwa mikono mitupu”

Hata mimi nimeziona video hizo, na nyingi zinatoka Marekani. Nyuki wanaochotwa kwa viganja mle kwa kawaida ni wa asili ya Ulaya, waliochaguliwa na wafugaji kizazi baada ya kizazi kwa upole wao. Nyuki wa nyanda zetu, ambaye jina lake la kisayansi ni Apis mellifera scutellata, ameishi na nyegere, siafu, moto wa nyika na binadamu mwenye shoka kwa maelfu ya miaka. Amebaki kwa sababu anajitetea haraka, kwa wingi, na humfuata adui mita mia kadhaa.

Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka kusini na mashariki mwa Afrika ili apate nyuki wazalishaji wanaostahimili joto la kwao. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka kwenye kituo chake karibu na Rio Claro. Uzao wao ulichanganyika na nyuki wa Kizungu, ukasambaa sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini na kufika Texas mwaka 1990. Walishapachikwa jina la nyuki wauaji, na katika majimbo ya Marekani waliyofika, mtu wa kuondoa nyuki huvaa mavazi kamili. Hao ni chotara. Wa kwako darini ni wa asili. Usiwasogelee kwa fulana na moyo mkuu.

Dai la nane: “Mrina akishachukua asali, kazi imekwisha”

Mrina mzuri ni hazina, na ndiye mtu wa kwanza ninayeshauri atafutwe. Tatizo ni makubaliano. Akiitwa kwa malipo ya asali, atachukua masega ya asali na kuondoka. Masega ya majana, ya chavua na yale makavu meusi atayaacha kwa sababu hayana soko kwake. Nyuki walionusurika, na malkia wao kama yu hai, watajikusanya pembeni na kuanza upya. Wiki chache baadaye simu inapigwa tena, na mrina analaumiwa kwa kazi ambayo hakuagizwa.

Kazi kamili huenda hivi. Dari au fisha bodi hufunguliwa wakati wa machweo, watu wa nyumba wakiwa wameondoka. Masega hukatwa moja moja. Yenye majana hufungwa kwenye viunzi au vipande vya mti ndani ya mzinga, maana nyuki hawaachi watoto wao kirahisi, na malkia akiingia mzingani wengine humfuata. Mzinga huachwa hapo mpaka giza liwakusanye, kisha huhamishwa mbali, kilomita kadhaa, vibarua wasirudi walikozoea. Mbao na ukuta hukwanguliwa nta yote, huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, huachwa vikauke. Bodi iliyolowa asali hutupwa. Baada ya hapo ndipo pengo linazibwa. Upenyo wa milimita 5 au 6 unamtosha nyuki kupita, kwa hiyo matundu ya hewa yafungwe wavu wa waya wenye macho yasiyozidi milimita 3. Hewa ipite, nyuki asipite.

Dai la tisa: “Wakikushambulia, lala chini au jitose majini”

Anayelala chini anawaachia mgongo na muda. Anayejitosa bwawani atainua kichwa kuvuta pumzi, nao wanaweza kuwa bado wanamngoja. Kimbia. Funika uso kwa nguo huku ukiacha nafasi ya kuona, usipunge mikono, na uingie ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Wachache wakiingia nawe, ni nafuu kuliko elfu walio nje. Nyuki aliyeuma huacha mwiba wenye harufu inayokaribia ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaelekeza wenzake palepale. Ukishafika salama toa miiba upesi, kwa kucha au kwa chochote. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996 ulionyesha kwamba kinachopunguza sumu ni haraka, na namna ya kuutoa haina uzito. Zile sekunde za kutafuta kisu cha kukwangulia ni hasara.

Mtu mzima asiye na mzio anaweza kupona miiba mingi, ila mamia ni dharura ya hospitali hata akijisikia vizuri, kwa sababu figo huweza kuathirika baadaye. Mtoto na mzee huzidiwa na michache zaidi. Mwenye mzio anaweza kufa kwa mwiba mmoja. Ukiona uso unavimba, sauti inakauka, kifua kinabana au mtu anataka kuzirai, muwahishe kituo cha afya mara moja. Anahitaji sindano ya adrenalini, na vitunguu na mafuta ya taa havitamsaidia.

Wa kumwita na wa kumwajibisha

Nasikia ikisemwa kwamba watu hujifanyia wenyewe kwa kuwa hakuna wa kumwita. Kwa Tanzania hilo si kweli. Nchi ina sera ya ufugaji nyuki tangu 1998 na sheria yake tangu 2002. Ina chuo cha ufugaji nyuki Tabora, ina Wakala wa Huduma za Misitu, na halmashauri nyingi zina maafisa nyuki. Kukiwa na shambulio, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114. Kenya, maafisa mifugo wa kaunti ndio wenye kushughulikia ufugaji nyuki. Mtendaji wa mtaa asiyejua namba ya afisa nyuki wake anapaswa kuitafuta leo, kabla msimu haujaanza. Mafundi nao wana deni: nyumba isikabidhiwe ikiwa na kona ya fisha bodi iliyo wazi na matundu ya hewa yasiyo na wavu. Wavu huo ni gharama ndogo sana katika ujenzi wa nyumba nzima.

Nawe mwenye nyumba, kabla hujatoa hela, muulize anayekuja maswali matatu. Nyuki unawapeleka wapi? Masega yote utayatoa? Pengo utaliziba kwa nini, na lini? Akijibu moja tu, mlipe nauli arudi kwao, utafute mwingine.